Widad Hamoud na Maji ya Bunju

Mie nilikuwa mpigapicha wa Widad Hamoud kwa miaka sita, na nikiwasikia watu wanasema aliacha televisheni kwa maringo, nawaambia hawamjui. Wao walimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, ushungi umekaa vizuri, sauti imetulia. Nyuma ya kamera nilikuwa mie.

Alikuwa binti wa Kawe. Baba yake, mzee Hamoud, aliuza vitambaa vya mapazia katika duka alilolikuta kwa baba yake, na alitaka binti amrithi. Widad akaenda kusomea habari. Siku ya kwanza alipotokea kwenye taarifa ya saa mbili, mzee alifunga duka akaita majirani wote sebuleni. Alitazama mpaka binti alipotaja jina lake mwenyewe mwishoni. Hapo ndipo akasema, "Huyo wangu."

Kazi aliijua. Alikuwa anauliza swali fupi, halafu ananyamaza. Mkubwa wa watu anashindwa kuuvumilia ule ukimya, anaropoka mwenyewe. Mie nilikuwa naipenda sana ile. Kilichomharibia kazi ni masika moja pale Boko.

Tulifika asubuhi, maji yamejaa mpaka madirishani. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya godoro lililoloa, barabarani. Mtoto wake wa miaka minne, Lulu, alikuwa amechukuliwa na maji alfajiri ile na watu walikuwa bado wanamtafuta. Widad alichuchumaa pembeni yake. Yule mama alisimulia, akalia kilio ambacho sitaki kukieleza. Alipomaliza nikagundua kipaza sauti hakijanasa kitu. Betri ilikuwa imekufa, na kuikagua ilikuwa kazi yangu.

Widad akampigia simu Fransis, mhariri wetu. Nilisikia kila neno.

"Bila kile kilio hamna habari," Fransis alisema. "Mwambie arudie."

"Mtoto hajapatikana, Fransis."

"Ndiyo maana nasema arudie sasa hivi. Akishapatikana tutakuwa tumechelewa."

Widad aliishusha simu. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alirudi akachuchumaa tena, akasema, "Mama, samahani sana. Tunaomba urudie kidogo, mashine ilituangusha."

Yule mama alimtazama. "Nirudie nini? Kulia?"

Na akarudia. Maneno yaleyale, ila safari hii alikuwa anaitazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Widad alikwenda nyuma ya gari akatapika. Habari ikarushwa hewani, na Fransis akatutumia ujumbe: "Safi sana." Lulu alipatikana siku ya pili, amefariki. Hatukurudi, kwa sababu siku ya pili kulikuwa na habari nyingine.

Baada ya miezi kadhaa Widad akaacha kazi. Kabla ya kuanza kazi nyingine alikwenda Boko peke yake kumwomba yule mama radhi. Mlango haukufunguliwa. Alisimama pale kama nusu saa, akisikia mtu anafagia ndani, kisha akaondoka.

Kazi mpya ilikuwa ya afisa uhusiano katika kiwanda cha sabuni, Bunju. "Angalau huku kila mtu anajua nauza sabuni," aliniambia. Miaka miwili alipanga hafla, akagawa madawati, akatengeneza kalenda. Halafu wakazi wa bondeni, chini ya kiwanda, wakaanza kulalamika. Visima vinanuka, maji yana povu, watoto wanajikuna mpaka wanatoka damu. Kila malalamiko yalipokuja, Widad aliandika taarifa: kiwanda kinazingatia taratibu zote. Baadaye alinieleza kwamba sentensi ile aliiandika mara kumi na moja bila kwenda kukiona kisima hata kimoja. Alivyosema "kumi na moja" alikunja uso kama mtu aliyeng'ata kitu kilichooza.

Mwishowe meneja wa kiwanda, Cyprian, akaona dawa ni televisheni. Aliomba kituo chetu kipeleke kamera. Ofisi ilishapunguza watu, nikatumwa peke yangu. Mpango ulikuwa rahisi: Widad, ambaye Dar nzima inamjua sura, anywe glasi ya maji ya kisima mbele ya kamera.

Kisima kilikuwa cha mzee Shomari, fundi seremala. Wakazi walijaa uani kwake. Nilipokuwa nafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nilimwona dereva wa Cyprian nyuma ya gari akijaza glasi kutoka kwenye chupa ya maji ya dukani. Nikaendelea kufunga kamera.

Cyprian akampa Widad ile glasi. "Kunywa, dada, tabasamu, tumalize."

Widad aliiinua mpaka mdomoni, akasita. Akainusa.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Kisimani, kwani wapi?"

"Nani ameyateka?"

Akanyamaza, ule ukimya wake wa zamani. Cyprian akatazama chini. Dereva akatazama pembeni. Widad akayamwaga yale maji mchangani, akachukua ndoo ya mzee Shomari, akateka mwenyewe. Mie nilikuwa hatua tatu nyuma na harufu ilinifikia: yai viza lililochanganywa na manukato. Juu ya maji kulikuwa na utando wa kijivu, ukivutika kama makamasi. Akajaza glasi.

"Karibu, bosi."

"Mie nimefunga," Cyprian alisema.

"Umefunga? Saa tatu umekula chapati mbele yangu."

Watu wakacheka. Bibi mmoja hakucheka, alitema mate karibu na kiatu cha Cyprian. Cyprian akanigeukia. "Zima kamera." Kidole changu kilishafika kwenye kitufe.

"Gervas, usizime," Widad alisema. Sikuzima.

Fransis aliitazama ile picha ofisini akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaniambia kiwanda kile ni mteja wetu mkubwa wa matangazo, kwa hiyo tutarusha kipande kimoja tu: Widad ameinua glasi mdomoni. Tukate hapo. Na juu yake sauti isome kwamba kiwanda kimewahakikishia wananchi usalama wa maji.

Aliyekata ni mie. Nilikaa kwenye kiti, nikasogeza alama mpaka glasi inapogusa mdomo, nikakata. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Ilipokwenda hewani, Widad akapiga simu. "Nani amekata?"

"Mie."

"Haya." Akakata simu. Zaidi ya mwaka hakunisemesha.

Alifukuzwa kazi wiki ileile. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa, akaeleza zile taarifa kumi na moja mbele ya watu ambao ugonjwa wa watoto wao alikuwa ameukana. Wengine walimzomea, na alisubiri mpaka wakachoka. Wakaguzi walikuja, kiwanda kikaamriwa kujenga mabwawa ya kusafishia maji machafu, na kikajenga. Kisima cha mzee Shomari bado kinanuka.

Aliyempa kazi tena ni Abbasali, mzee wa Kihindi mwenye kampuni ya kuchimba visima hapo Boko. Alimwambia, "Wateja hawaniamini nikisema maji ya chumvi. Wewe je, utaweza kusema mbaya ni mbaya?" Widad, mwenye miaka thelathini na tisa, akaenda kusomea upimaji wa maji, darasa moja na vijana waliokua wakimwona kwenye runinga. Siku hizi anazunguka na sanduku la barafu lililojaa vichupa.

Mie pia niliacha, napiga picha za harusi. Nimejenga vyumba vitano Bunju na kuchimba kisima kwa ajili ya wapangaji. Aliyekuja kupima alikuwa Widad. Alinisalimia kwa adabu, akachukua maji, akaondoka. Baada ya siku chache akaniletea karatasi.

"Kuna kinyesi. Shimo la choo liko karibu mno. Hayafai."

Nilisoma, nikajikuna kichwa. "Widad, wapangaji wanaingia mwisho wa mwezi. Huwezi kuandika yanafaa yakichemshwa?"

Alifunga sanduku lake la vichupa. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kama alivyoutazama ule utando kwenye ndoo ya mzee Shomari.

"Nakala ya karatasi hii ninayo kwenye faili," alisema. "Hiyo ni yako." Akabeba sanduku lake akatoka.

Nilikaa uani na ile karatasi mkononi, nikijinukia vibaya mwenyewe. Kesho yake nikamwita fundi, akaziba kisima kwa zege. Wapangaji wameingia, wanachota kwa jirani, na kila asubuhi nawasikia wakinisema.