Binti Asiyegombezwa

Jirani yangu ni fundi cherehani, na mtaani tunamwita Redio. Si kwa ubaya. Ni kwamba akishaanza kugomba hana kitufe cha kuzimia. Mteja akimletea kitambaa kifupi na matumaini marefu, anapewa ukweli wake pale pale mlangoni. Mumewe ni dereva wa lori, na nadhani anazipenda safari ndefu kuliko anavyokiri. Ukuta unaotutenganisha ni mwembamba, kwa hiyo nami husemwa kila siku bila kosa, na nimeshazoea.

Mtu mmoja tu nyumbani mle alikuwa hasemwi. Binti yake mkubwa aliugua saratani ya damu akiwa darasa la tano. Katika miaka ile ya sindano na kulazwa, Redio alijifunza sauti nyingine, laini, ya kubembeleza, ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Matibabu yakaisha. Daktari akasema binti amepona, awe anakuja kupimwa mara moja kwa mwaka. Nywele zikaota, akarefuka hadi kumpita mama yake, akaingia sekondari nyuma ya wenzake, akajua kununa kama msichana yeyote wa umri wake. Sauti laini haikuondoka.

Akivunja kikombe, anaambiwa pole. Kisha anasemwa mdogo wake: nani alikiweka kikombe pale? Akichelewa kurudi, anasemwa mdogo wake kwa kutomsubiri. Maskini yule mdogo alibeba dhambi za dada yake, naye alikuwa na zake za kutosha.

Nilidhani mkubwa anafaidi. Siku moja akaja kunirudishia sufuria, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama mdogo," akasema, maana huniita hivyo ingawa hatuna undugu, "mama amekwambia chochote kuhusu damu yangu?"

"Kitu gani tena?"

"Jana nimemwagia chai kitambaa cha mteja, akaniambia pole. Angekuwa mdogo wangu, saa hizi tungekuwa matangani. Ile ni sauti ya wodini. Kama kweli nimepona, mbona hanigombezi?"

Nikamhakikishia kwamba hakuna siri yoyote. Hakuniamini, nikaliona hilo usoni mwake.

Nikamfuata mama yake. Alinisikiliza akiwa na pini midomoni, kisha akazitoa moja moja. Akaniambia kwamba kila akitaka kufoka anauona ule mrija mkononi mwa mtoto, na ulimi unakufa.

"Je, kama ndiyo yangekuwa maneno yangu ya mwisho kwake?"

Akarudisha pini mdomoni ili nisimwulize zaidi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Huyu alijichukulia mwenyewe. Wiki hiyo nilikuwa pale napimwa mikono ya blauzi, binti akipiga pasi gauni la mwalimu mkuu wake, lililotakiwa jioni ile. Tukasikia harufu. Mgongoni pa gauni palikuwa na alama ya pasi, nzima, mpaka ncha yake.

"Pole, mwana..." Redio alianza. Akalitazama gauni. Akamtazama binti, aliyekuwa amesimama anangoja.

"Pole ya nini? Macho yako unamwekea nani? Kaa hapo ufumue mgongo wote, uukate upya, uushone upya. Jumamosi hutoki. Likizo nzima utanibandikia vifungo. Na ukiolewa ukaunguza nguo za watu huko, nitakufuata nikuseme mbele ya wakwe zako. Hata ukiwa bibi, una wajukuu, nitakuja na mkongojo wangu nikuseme."

Mdogo mtu aliacha kufagia, akasikiliza kwa raha zake zote. Binti alikaa, akainamia gauni, akaanza kulia. Mimi niliyekuwa karibu niliona meno: alikuwa anacheka humo humo ndani ya kilio.

Redio naye akawa ameyasikia aliyoyasema. Akageuka kutafuta utepe wa kupimia, na utepe ulikuwa shingoni mwake.

"Mama," binti akaita, "mpaka niwe bibi?"

"Mpaka uwe bibi," akajibu bila kugeuka. "Fumua."