Lori la Mtondo

Tangawizi mbichi inayotoka shambani ina harufu mbili. Ya kwanza ni ule ukali wake unaopanda puani. Ya pili ni ya udongo mwekundu wa mlimani uliong'ang'ania kwenye vidole vyake, udongo ambao bado haujakauka. Ukiinunua imeshaoshwa umepata harufu moja tu, umepunjwa. Mie nilizijua zote mbili nikiwa na miaka kumi, Buguruni, kwenye uwanja wa nyuma ya soko ambako lori la Bwana Shomari lilikuwa likishusha magunia. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, sikuendelea, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Kimara, wenye digrii zao wanakuja kuniuliza bati lipi linafaa nyumba zao. Wakisema ni majivuno, na yawe majivuno, nimeyatolea jasho. Lakini harufu ile ikinipata, hata kwenye kikombe cha chai, ukubwa wote unanitoka, narudi kuwa mtoto aliyetumwa akaharibu.

Baba yangu ni Mpare wa milimani, juu ya Same, kwenye bonde ambalo husema ukisimama ng'ambo moja ukamwita mtu wa ng'ambo ya pili atakuitika, ila kumfikia ni nusu siku. Alishuka akiwa kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, tukakaa kwanza Pugu kwenye nyumba za wafanyakazi, majirani wote watu wa bara kama sisi, ndipo tukahamia Buguruni. Huko bondeni alimwacha mama yake, bibi ambaye mie sikuwahi kumtia machoni, kwenye nyumba ya nyasi iliyokuwa ikivuja. Mwaka huo ikaletwa habari kwamba ukuta wa nyuma umelowa na umeanza kuinama, hautavumilia vuli nyingine. Baba akaapa kumpelekea mabati kabla ya mvua, na kwamba safari hii tutakwenda sote: yeye, mama, mie na mdogo wangu Naomi.

Basi tukaanza kupanga. Ee bwana, tulipanga! Mabati yenyewe yalikuwa adimu siku hizo, baba aliyapata mawili leo, moja mwezi ujao, mpaka yakatimia kumi na mawili, tukayaegemeza ukutani chumbani tulikolala, na Naomi akigeuka usingizini akayapiga teke nyumba nzima inaamka. Mama alitafuta kanga ya bibi, akatafuta chumvi na sukari, akavifunga, akavifungua kuhakikisha, akavifunga tena. Baba alichana mfuko wa saruji, kwenye karatasi yake ya ndani akachora barabara kwa penseli ya useremala: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, halafu mstari uliojipinda kama utumbo wa kuku ukipanda mlimani. Kila jioni tukimaliza makande alitutaka tuitaje. Naomi alikuwa hajaanza hata shule lakini barabara ya kwenda kwa bibi aliikariri yote. Kazini baba aliomba likizo ya siku kumi na nne, akapewa. Barua ikatangulia mlimani, imebebwa na Shomari mwenyewe, kuwaambia ndugu wakae tayari kutupokea pale lori linapoishia, maana kutoka pale bati hupanda juu ya kichwa cha mtu.

Lori ndilo lilikuwa tegemeo letu lote. Shomari alishuka na tangawizi na kurudi mtupu, akakubali kutubeba sisi na mabati yetu. Alikuwa mtu wa Pangani, mpole, kofia yake ya kufumwa haimtoki kichwani. Tatizo lilikuwa siku ya kuondoka. Likizo ilikuwa imeshaanza kuliwa, na kila jioni baba ananituma uwanjani: kaulize safari lini. Naenda. Shikamoo Bwana Shomari. Marahaba mwanangu, mwambie baba tairi moja halijatengemaa. Kesho yake, magunia hayajaisha. Kesho yake, dizeli haijapatikana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la baba liliuma kweli; alikuwa anazunguka uani siku nzima, mtu ambaye hakuzoea kukaa, anamkaripia mama kwa kufagia.

Mie nilikuwa na tatizo langu jingine pale uwanjani. Siku za mwanzo Shomari aliniambia nimpe bweta lake lililokuwa nyuma ya kiti. Mie mtoto wa nyumba za Pugu, bweta sijapata kulisikia. Nikampa ndoo. Makuli wa pale walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kumbe bweta ni kisanduku, na tangu siku hiyo jina langu likawa Bweta. Nikitokea tu kwenye kona nasikia, "Bweta huyoo, mfichieni ndoo." Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakuwahi kuchekwa na makuli wa Buguruni.

Jumatano moja nikakuta lori limefunguliwa boneti na Shomari anapangusa mikono, uso umechangamka.

"Mwambie baba yako tayari," akasema. "Safari mtondo, alfajiri. Umesikia? Mtondo."

Kwetu tulisema kesho, tukasema kesho kutwa, baada ya hapo tunataja siku kwa jina lake. Mtondo ndiyo nini? Makuli wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia wananitazama, mmoja ameshaanza kutabasamu. Nikasema nimesikia. Njiani nikaanza kulitafuna lile neno. Jirani yetu Mama Zuhura, mwenyeji wa Pwani, nilishamsikia akisema mtondogoo, na nikajua kwamba ni siku ya nne, kwa sababu alisema atarudi mtondogoo na kweli nilihesabu. Nikajiambia mtondo ni mtondogoo iliyokatwa mkia. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikafika nyumbani kifua mbele, nikasema Bwana Shomari anaondoka Jumapili alfajiri.

Baba alifurahi kupita kiasi, na ana sababu. Sisi ni Wasabato, Jumamosi hatufanyi kazi wala hatusafiri, na Jumapili ilikuwa kama Mungu mwenyewe amekaa na Shomari wakapanga. Kwa kuwa siku ilishatajwa sikutumwa tena. Jumamosi tulishinda kanisani. Jua lilipozama tukafunga mizigo, na Jumapili kabla ya mapambazuko tukayapakia mabati kwenye mkokoteni, mama mbele na Naomi mgongoni, baba na mie tunasukuma, mabati yanapiga kelele barabara nzima.

Uwanja ulikuwa mtupu. Pale lori liliposimama pana doa la oili, na udongo mwekundu uliokung'utwa kwenye magunia. Kuli mmoja alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti, akatutazama sisi na mkokoteni wetu, na safari hii hakucheka.

"Mzee, lori limeondoka jana. Shomari kakusubirini mpaka jua limetoka. Si aliwaambia mtondo?"

"Mtondo ndiyo lini?" baba akauliza. Yeye aliuliza hivyo hivyo, mbele ya watu, bila kuona haya.

Yule kuli akahesabu kwenye vidole: kesho, kesho kutwa, mtondo. Kidole cha tatu kikasimama. Baba akanigeukia, akaniuliza taratibu Shomari aliniambiaje. Nami, Mungu anisamehe, nikamtazama usoni nikasema, "Alisema Jumapili."

Shomari aliporudi na mzigo mwingine likizo ilikuwa imekwisha. Baba alimfuata uwanjani nami nikiwa nyuma yake, akamwambia amemvunjia ahadi. Shomari akaapa kwa Mungu wake kwamba alisema mtondo, na mtoto akakubali. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na siku hiyo baba aliwapa haki. "Mwanangu hasemi uongo," alisema, na alilisema mara tatu, sauti inapanda, makuli wote wanasikia. Shomari akasema, kwa adabu, kwamba basi mzee atafute gari jingine. Hatukupanda lori lake tena, wala hakubeba tena barua yetu. Kupitia mtu mwingine ndipo tukasikia kwamba ndugu watano walishuka bondeni na kata za kubebea kichwani, wakalala siku mbili pale lori linapoishia. Vuli ikaja na nguvu zake. Ukuta ukaanguka, bibi akahamishiwa kwa shemeji yake, akaishi huko miaka minne kama mgeni kwenye kijiji chake, hana jiko lake, anapikiwa. Alizikwa kabla sijapata kumwona. Mabati yetu yalikula kutu, mwishowe baba akaezekea choo.

Tangu hapo nimefanya maisha ambayo mtoto yule asingeyaamini. Ukitaka kujua kwa nini Kimara nzima inaniita Mzee wa Mabati, sasa umejua, ingawa wao hawajui. Nyumba ninazoziezeka siku hizi sizihesabu. Nina magari mawili, na lami imenyooka mpaka Same, ule mwendo ambao baba aliuchora kwa penseli unaumaliza kwa siku moja ukibakiza mwanga. Na bado, nikwambie, tangu mwezi wa tatu napanga safari ya kumpeleka baba bondeni na wanangu wapaone, na haijaondoka. Kuna kundi la familia kwenye simu, limepewa jina Safari ya Upareni, limejaa picha za vikatuni vinavyocheza. Binti yangu mkubwa ana mafunzo ya kazi. Kijana wangu kila tarehe ana ishu. Mama yao anasema tusubiri baridi ipungue huko juu. Nikitaja siku wananijibu kwa kidole gumba, na kidole gumba sijui kama ni ndiyo au ni nimesoma. Zamani tulikuwa na watu wanne wanaotaka kwenda na lori moja la mwenzetu. Leo magari mawili yananisubiri, na anayetaka kwenda ni mmoja.

Huyo mmoja ni baba. Nakaa naye, miguu imemchoka lakini kichwa ni kizima. Juzi Jumatano nimerudi kutoka dukani nimekasirika, nikamkuta barazani, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku, tunaondoka lini. Sijui kilichonipata. Neno ambalo sijalitamka tangu utoto likanitoka lenyewe.

"Mtondo, baba."

Akainua mkono wake, akahesabu polepole, kesho, kesho kutwa, kidole cha tatu kikasimama.

"Hiyo ni Jumamosi," akasema. "Sisafiri Jumamosi. Hata siku ile nisingesafiri."

Huo nao ulikuwa msamaha, na ulikuwa na tundu, nami ni mtu wa mabati, tundu naliona. Angeambiwa siku ya kweli angepata siku mbili nzima za kumwomba Shomari asogeze safari hadi Jumapili, na Shomari alikuwa mtu wa kukubali. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamwambia kwamba Shomari alisema kweli na mie ndiye niliyedanganya.

"Najua," akasema. "Nilijua palepale uwanjani. Hukupepesa jicho. Ukisema kweli wewe huwa unapepesa."

"Sasa kwa nini uligombana naye? Lile lori ndilo lilikuwa njia yetu."

"Walikuwa wameshakuita Bweta," baba akasema. "Na Mwongo nao wakuite?"

Nimejisifu kwa watu miaka yote hii kwamba sikurithi kitu, kwamba kila nilicho nacho nimekitengeneza kwa mikono hii, na kumbe mtu alishanilipia kwa nyumba ya mama yake mzazi. Niliingia ndani nikaandika kwenye kundi kwamba gari linaondoka Jumapili alfajiri, aliyepo apande. Vidole gumba vikaja vitatu. Niliporudi barazani baba ameshalitoa begi lake nje, ameliweka miguuni, na huo ulikuwa bado usiku wa Jumatano.