Uzi wa Mama Yustina

Siku hizi wakisimulia habari za watu wa maana wa enzi ya Ujamaa, hutajwa wenye vyeo na magari ya serikali. Mimi wangu ni Eufrazia, Mngoni wa Peramiho, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale Vingunguti. Sote tulimwita Mama Yustina, kwa jina la binti yake. Hakuwa na cheo chochote, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mashine zinasokota, uzi ukikatika yeye anaudaka na kuuunga upesi, na aliizoea kazi hiyo hata akawa anaunga huku anaongea na mwenzake bila kutazama. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima barazani kwake, kwenye ubao uliopakwa unga wa betri kuukuu. Hapo ndipo mimi Chausiku, mtu mzima na watoto wangu, nilipoandika jina langu kwa mara ya kwanza. Lilipanda juu kama ngazi, naye akasema ni zuri.

Tatizo lilikuja tulipokwisha kujua kusoma. Watu walianza kutoroka. Huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni, na wote unawakuta kwenye bao. Mwalimu mwingine angetununia. Mama Yustina alianzisha chemsha bongo ya Jumamosi alasiri. Maswali yalikuwa ya maarifa ya kawaida, mengine aliyasikia redioni, mengine aliyakumbuka kutoka shule ya masista alikosoma. Kupata majibu tu hakukuwa na zawadi. Majibu yote yaliunganishwa na jambo moja alilolificha, mwenyewe akiliita uzi, na aliyeuona uzi ndiye aliyeondoka na kipande cha sabuni. Miaka ile tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, kwa hiyo usishangae kwamba watu waliacha bao.

Nakumbuka siku aliyouliza ndege mkubwa kuliko wote ni yupi, mnyama mjanja wa hadithi ni yupi, na ni kitu gani kiliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Mbuni, sungura, mwenge. Wilbert, karani wa bandarini, alitoa majibu yote, kisha akabaki anakuna kichwa akitafuta uzi. Mimi nilifungua pindo la kanga nimnunulie mtoto karanga, nikaviona vyote vitatu kwenye sarafu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Wilbert alidai nimechungulia. Mpaka leo namwambia ndiyo, nilichungulia pindo langu mwenyewe.

Mume wa Mama Yustina, Marselino, alikuwa dereva wa lori. Alizipenda Jumamosi hizo kuliko sisi sote, na hakuwahi kupata hata swali moja. Alikaa nyuma kabisa, bega moja limeshuka, na kila swali, liwe la mito au la wadudu, jibu lake lilikuwa "Tabora." Alisema iko siku swali lenyewe litakuja. Mkewe alimjibu kwa upole wa mwalimu, "Bado, Baba Yustina," na baraza zima likaangua kicheko.

Ilipokuja vita ya Kagera mgambo waliitwa, na Marselino akaenda kuendesha lori la jeshi. Mwanzoni salamu zake zilifika kwa watu waliopita. Kisha zikakatika. Mama Yustina aliendelea kwenda kiwandani, kufundisha na kuuliza maswali, na habari za vita hakuzigusa. Lakini mimi nilimwona. Gari kubwa likipunguza mwendo barabarani, kisu cha mboga kilisimama mkononi mwake mpaka lipite. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mumewe akohoe mlangoni, kama alivyokohoa kila jioni kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

Sasa nimtaje Gaspar. Alikuwa mchinjaji pale machinjioni, Mhehe wa Iringa, na Wahehe na Wangoni ni watani. Yeye alimwita Mama Yustina mla panya, naye akaitwa mla mbwa, na siku ikipita bila maneno hayo walikuwa wanaulizana nani anaumwa. Utani huo una kazi yake pia. Ukifiwa, mtani wako huja msibani amejipaka majivu, akamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, ili wafiwa wacheke japo kidogo katikati ya kilio. Ni kazi ya heshima, haikataliwi.

Jumamosi moja ilifika habari machinjioni kwamba Marselino amekufa huko Uganda. Ililetwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Wanawake tulikusanyika uani kwangu na mikeka, kanga tumezifunga viunoni, tukaanza kusukumiana nani akamwambie. Wakasema niende mimi niliye jirani. Nikasema aende anayesali naye. Tungali kwenye kusukumiana huko, Gaspar akatupita kasi. Alidhani tumekwisha kumwambia. Mtu ameona mikeka na kanga viunoni, angedhani nini kingine?

Uso wake ulikuwa mweupe kwa majivu. Alishusha bega moja, akatia mkono mfukoni, akakohoa mlangoni kikohozi chenyewe cha Marselino.

"Mama Yustina," akaita, "nimerudi. Panya wangu umeshamchoma?"

Mama Yustina alitoka mbio. Sijapata kuona uso umejaa furaha namna ile, na ningependa kuusahau. Alipomwona Gaspar akacheka kidogo, akasema, "Mla mbwa wewe, umenishtua." Kisha akayaona majivu. Kisha akatuona sisi nyuma na mikeka yetu.

Gaspar alipoelewa alichokifanya alipiga magoti pale pale mchangani. Alijaribu kujifuta kwa viganja, na majivu yakazidi kusambaa.

"Nani amemwona?" Mama Yustina akauliza. "Nani amemzika?"

Hakuna aliyemjua mtu aliyemwona.

"Basi kunjeni mikeka hiyo, au ikalieni. Leo Jumamosi."

Akaenda kuchukua chaki. Mimi nilipandwa na hasira, nikadhani mama wa watu amechanganyikiwa, ataulizaje maswali na mume yuko udongoni? Lakini nilikaa. Tulikaa sote.

Aliuliza ni kitu gani huivuta bahari ikajaa na kupwa. Mwezi, akajibu Wilbert kwa sauti ndogo. Akauliza ni ndege gani wadogo hukimbia baridi ya Ulaya wakaja kwetu. Mbayuwayu. Akauliza wenyeji wa Australia wana silaha gani ya mti wanayoitupa hewani. Wilbert peke yake ndiye aliyeijua, bumerangi, akatueleza inavyozunguka angani ikamfuata aliyeitupa. Akauliza kasa hutaga wapi mayai yake. Pwani ile ile alikoanguliwa, akasema bibi mmoja wa Mafia. Mwisho akauliza treni ya bara ikifika magharibi kabisa, ukingoni mwa ziwa, pale inapogeuza kuja Dar es Salaam, iko mji gani.

Hapo kila mtu alilijua jibu, na kila mtu alimkumbuka ambaye angesema Tabora. Akajijibu mwenyewe, "Kigoma," akaliandika.

"Uzi," akasema. "Nani ameuona?"

Mimi niliuona. Nadhani wote tuliuona. Lakini kuutamka ilikuwa ni kumwahidi kitu ambacho hatukuwa nacho, na kila mtu aliinamisha kichwa. Aliyenyoosha mkono ni Gaspar, bado amepiga magoti.

"Vyote vinarudi, mtani."

"Vyote vinarudi," akasema Mama Yustina. Akatoa kipande cha sabuni akamtia kiganjani. "Kanawe uso. Siku ikifika nitakuita mwenyewe."

Wako waliosema baadaye kwamba hakutaka kuukubali ukweli. Maneno hayo yaliniudhi na bado yananiudhi. Alichokataa ni kumzika mumewe kwa uvumi wa machinjioni. Aliendelea na kiwanda chake na ubao wake, akamlea Yustina, na kila jioni akaacha sahani moja imefunikwa mezani.

Siku ilifika. Vita ilikuwa imekwisha na wengine wamekwisha kupokewa kwa ngoma, ndipo wanajeshi wawili walipokuja mchana mmoja, na mmoja wao alikuwa amemzika Marselino kwa mikono yake, huko karibu na Masaka. Mama Yustina aliwapa maji ya kunywa, akawashukuru, akawasindikiza hadi barabarani. Aliporudi ndani, kilio chake nilikisikia kupitia ukutani.

Safari hii tuliitandika mikeka. Gaspar alikuja uso msafi, shati limepigwa pasi, akakaa na wanaume pembeni. Aibu ya siku ile ilikuwa haijamtoka. Mama Yustina alinituma nimwite.

"Mtani," akamwambia, macho yamevimba, "nilisema nitakuita. Mbona hufanyi kazi yako?"

"Siwezi, mla panya. Mie nilishakuumiza mara moja, inatosha."

"Fanya kazi yako."

Gaspar akaenda kwenye mafiga, akajipaka majivu taratibu. Akashusha bega, akatia mkono mfukoni, akatembea kutoka barazani kwenda barabarani, mwendo wenyewe kabisa. Kule akasimama. Akageuka. Akarudi mpaka mlangoni, akakohoa, kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali pa Marselino.

Mama Yustina akasimama mbele ya ubao na kaniki yake ya msiba.

"Swali," akasema. "Mji mkuu wa Ufaransa."

"Tabora," akajibu Gaspar.

Mama Yustina akacheka. Alicheka mpaka akaushika ubao asianguke, na sisi sote tukacheka huku tunalia, hatujui tunafanya lipi. Tulipotulia akajifuta macho kwa pindo la kaniki, akatazama kule nyuma, akasema kwa upole ule ule wa mwalimu, "Bado, Baba Yustina."