Ijaza ya Dalali

Bi Jawaher alikuwa akisomesha Qur-ani barazani kwake Kiuyu tangu mwanawe wa kwanza yuko mgongoni, na sasa mwana huyo keshaoa. Watu walimjua kwa sauti yake, lakini zaidi walimjua kwa maswali. Harusini atauliza wali umetiwa nini. Hospitali atamuuliza daktari dawa hii ikishaingia mwilini inakwenda wapi, na akijibiwa haraka haraka atamwomba arudie. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba mkewe akijaaliwa kufika peponi, atataka kwanza kujua mlango umetiwa komeo gani.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa Wete, imefungwa tangu mama yao afariki. Warithi walibaki wawili, yeye na kaka yake Nasor anayeishi Maskati. Bati lilikuwa likivuja na popo wamehamia darini. Wakakubaliana iuzwe.

"Jawaher, tafuta dalali wa maana," Nasor alimwambia kwa simu. "Mwenye vyeti."

"Vyeti gani?"

"Vyeti tu. Vya udalali."

"Kwani udalali unasomewa?"

Nasor hakujua. Swali likabaki kwa dada yake, na swali likishabaki kwa Bi Jawaher halilali.

Dalali wa kwanza aliyemwendea alikuwa Muntasir, kijana mtanashati mwenye ofisi karibu na soko la Wete. Ukutani kwake palitundikwa cheti kikubwa, fremu ya rangi ya dhahabu, maandishi ya Kiingereza.

"Mwanangu, hiki kinasema nini?"

"Kinasema nimesomea mambo ya ardhi na majengo, Bi. Dar es Salaam."

"Mashaallah. Ulisoma kwa nani?"

Muntasir akacheka kidogo. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. "Walikuwa walimu wengi."

"Na aliyekupa ruhusa ya kufanya kazi ni yupi?"

Hakuuliza kwa ukali. Katika chuo chake cha Qur-ani, mtu hasomeshi kwa sababu tu anasoma vizuri. Husomesha kwa kuwa mwalimu wake kamsikiliza, kamsahihisha, kisha kampa ijaza, na mwalimu huyo naye alipewa na wake. Aliyekuja kukaa mkekani akasikiliza darsa moja hupata thawabu zake, lakini ijaza hapewi.

Muntasir akakitazama cheti chake kama ndiyo kwanza anakiona. "Kusema kweli, Bi, ilikuwa semina ya siku moja. Tuliohudhuria sote tulipewa."

"Basi hiki ni cha kuhudhuria, si cha kuhitimu."

"Ndiyo."

Alimshukuru kwa kusema kweli, akamaliza soda aliyoletewa, akaaga. Njiani hakuwa na hasira. Hamu ndiyo iliyompanda. Ikiwa hicho kilikuwa cha kuhudhuria, cha kuhitimu kinafananaje? Na ni nani anayekitoa?

Jirani yake akamwelekeza kwa Shamima, Chake Chake, mwanamke wa makamo aliyekuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Ukutani kwake hapakuwa na kitu ila kalenda. Alipoulizwa, alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi yenye muhuri.

"Hii ndiyo ijaza yako?" Bi Jawaher akauliza, moyo umetulia. Alikuja na imani kwamba muhuri ni muhuri.

"Hapana, Bi. Hii ni leseni ya biashara. Haisemi kwamba najua kazi. Inasema serikali inanijua na inajua pa kunipata."

"Kumbe ni vitu viwili tafauti?"

"Tafauti kabisa." Shamima akatoa nyingine, ya chuo alikosoma na kufanya mitihani mpaka akafaulu. Kisha akatoa ya usajili wake wa udalali. "Kwa hii, nikikukosea, kuna watu wa kuniita wakanihoji. Usinisadiki miye. Namba yao hii hapa, wapigie."

Bi Jawaher akaigeuza karatasi nyuma na mbele. "Umewahi kuitwa?"

"Mara moja," Shamima akasema. "Shamba la mikarafuu, Ole. Muuzaji aliniambia ni lake peke yake, nami nikamsadiki. Baadaye akatokea dada yake. Mauzo yakavunjwa, na miye nikapewa onyo."

"Na aliyekushitaki yuko wapi?"

"Mzee Mjaka, aliyekuwa mnunuzi. Yuko huko huko Ole. Ukitaka nikuelekeze kwake."

"Nataka."

Alipiga namba ile kwanza. Jina lilikuwapo na usajili ulikuwa hai. Kisha akenda Ole, akamkuta Mzee Mjaka anaanika karafuu kwenye jamvi.

"Alinikosesha shamba yule," mzee akasema, uso umekunjamana. "Nilimshitaki kwa hasira. Ila kabla hajaitwa alikuja mwenyewe, akaketi hapo ulipo weye, akasema kosa ni lake. Akahangaika mpaka pesa zangu zikarudi."

"Ungemtumia tena?"

Mzee Mjaka akazigeuza karafuu kwa kiganja. "Ningemtumia. Lakini ningemuuliza zaidi."

Bi Jawaher akampa Shamima kazi. Kabla ya kuuliza habari za bati au kiwanja, Shamima aliuliza, "Warithi ni wangapi?" Aliposikia habari za Nasor, akakataa kuitangaza nyumba mpaka idhini yake ifike kutoka Maskati, imethibitishwa. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja, aliyesikia habari za nyumba akaipenda na kutaja bei yake, akangoja, akachoka, akanunua kwengine.

"Dalali gani huyo anayefukuza wateja?" Nasor alifoka kwenye simu.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," dada yake akamjibu. "Leta idhini yako."

Alisema kwa kujiamini, lakini wiki hizo alikuwa na wasiwasi. Alijiuliza kama kuuliza kwake kote kumewakosesha mnunuzi, na kama Muntasir angekwisha kuiuza zamani. Hakupata jibu, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa zito.

Idhini ilifika. Baada ya Ramadhani nyumba ikanunuliwa na muuguzi wa Wete, Rahma, na mumewe, kwa bei ya chini kidogo kuliko ya yule mfanyabiashara. Walitia saini mbele ya sheha wa mtaa na mashahidi, pasi na mtu wa kutokea nyuma kudai haki yake. Nasor mwenyewe alipiga simu kumshukuru Shamima, japo kwa kifupi.

Miezi ikapita. Siku moja Bi Jawaher alikuwa Wete kwa mazishi ya jamaa, na Rahma akamwona njiani akamshika mkono: lazima apite anywe chai. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, bati jipya linametameta. Rahma alitangulia ndani kutandika mkeka. Bi Jawaher akasimama kizingitini, akavua viatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapiga hodi kwenye nyumba alimozaliwa.