Mdenmark wa kazini alivyonifanya nikosee jina la binti yangu (Texas)

Wakuu, poleni na majukumu. Hii si ya kutunga, ni ya nyumbani kwangu, na mwenye makosa kwa sehemu kubwa ni mimi. Shule nimeishia form four, kwa hiyo nikiteleza kwenye historia mnisahihishe bila matusi.

Naishi Lewisville, Texas, nafanya kazi warehouse. Naitwa Emanuel Yohana Masanja. Yohana ni baba, Masanja ni babu. Kama Watanzania wengi tu.

Shida ilianzia kwenye passport.

Kaka yangu Daudi, yuko Katy huko Houston, yeye aliandika majina mawili basi, Daudi Yohana. Kwa hiyo hapa Marekani yeye ni Mr. Yohana, mimi Mr. Masanja. Tumbo moja, wakuu! Miaka yote nimemlaumu kwamba alimtupa babu.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Mwanza, akaandikwa Baraka Emanuel Yohana. Siku naenda kumchukua shule hapa, dada wa front office akaangalia ID yangu, akaangalia screen, akauliza, "Are you the stepdad?" Yaani mimi ni baba wa kambo? Mtoto yuko pale pale ananiita daddy! Yule dada alikuwa anafanya kazi yake, simsemi vibaya. Ila iliniuma.

Basi mwaka huu mke wangu akawa anatarajia binti. Maneno yakaanza.

Kaka: "Dogo, andika Yohana, afanane na kaka yake na wanangu. Mzee bado yupo, atafurahi."

Mke wangu: "Mwandike Masanja afanane na wewe. Mimi sitaki kuulizwa tena huyu mtoto wa nani."

Wote wana hoja. Hapo ndipo niliposhindwa hata kula.

Nikamweleza mzee Jensen, msimamizi wetu wa forklift. Babu zake walitoka Denmark, na yeye akistaafu anataka kuchora ukoo wao wote. Akacheka sana.

"Hata sisi tulikuwa hivyo hivyo!"

Kumbe zamani kule, mtoto wa Jens aliitwa Jensen, maana yake mwana wa Jens. Huyo Jensen kama jina lake la kwanza ni Niels, watoto wake ni Nielsen. Wa kike wanamalizia na "datter", binti wa fulani. Kila kizazi kinabadilika. Na Jens mwenyewe ni Yohana, jina la kwenye Biblia, limezungushwa tu na midomo yao. Niels ni Nikolasi. Peder ni Petro.

Halafu karne ya kumi na tisa serikali yao ikachoka kuchanganya watu, ikataka kila familia ishike jina moja. Wengine wakashika la shamba, kama Nørgaard, shamba la kaskazini. Wengine la kazi, kama Møller, msaga nafaka. Wengi sana wakabaki na la baba aliyekuwepo wakati huo. Likaganda.

"Dada yangu ni mwana wa kiume wa Jens mpaka leo," akasema, "na baba yetu anaitwa Robert."

Nikamuuliza, huyo Jens alikuwa nani?

"Sijui. Hakuna anayejua."

Wakuu, hapa niwe mkweli hata kama naona aibu. Nilirudi nyumbani nikiwaza kitu kimoja: kama kuna jina litagandishwa, kwa nini lisiwe langu?

Binti akazaliwa, hospitali wakaleta fomu ya cheti, mke wangu amelala. Nikaandika: Neema Emanuel. Nika-sign.

Alipoamka akaisoma mara mbili.

"Baba Baraka, kwa hiyo nyumba hii ina watu wanne na surname nne?"

Nikahesabu. Ni kweli. Yeye ana la baba yake, mimi Masanja, Baraka ni Yohana, na sasa huyu Emanuel.

Kaka alipopata habari akanipigia: "Si ndilo kosa langu lile unaloniimbia kila Krismasi? Tena mimi nilimwacha babu tu. Wewe umemwacha na baba."

Nilikasirika, lakini alisema ukweli.

Kurekebisha cheti hapa si kazi ndogo. Fomu, muhuri wa notary, fomu imerudi, sehemu moja hukujaza, anza upya. Nilichukua off mara tatu. Safari hii nilikaa na mke wangu kwanza, tukaomba watoto wote wawili wawe Masanja. La Neema limeshapita, la Baraka bado, maana cheti chake ni cha Mwanza na hapa linapitia mahakamani.

Kabla sijatuma fomu, nilimpigia baba kule Mwanza kumwomba radhi kwamba jina lake halitakuwa la mwisho. Akasema, "Mimi si nipo hapo katikati ya jina lako? Jiulizeni huyo Masanja kama mnamjua."

Nikagundua simjui. Alifariki sijazaliwa.

Mzee akaongea karibu saa nzima. Masanja alikuwa mrefu, mguu wa kushoto unachechemea, fundi wa baiskeli, mkali kwa wateja, na hakuwahi kumpiga mtoto. Nimeandika yote kwenye daftari na kulifunga pamoja na vyeti vya watoto.

Nilichojifunza: huku jina unaloliandika kwenye fomu ndilo watakalobaki nalo wajukuu. Ongea na mwenzako kabla ya kushika kalamu, si baada. Na uwaandikie huyo mtu alikuwa nani.

Nyie mlio nje, wanenu wana jina la nani? Na huyo mtu mnamjua? Karibuni, hata wa kunikosoa.