Mzee wa Kwenye Runinga
Leo mwanafunzi wangu wa kinanda kakosea tena, nikamtafutia mfano kwenye simu: yale mahojiano ya mzee mpiga piano mashuhuri niliyoyaona utotoni. Papo hapo nikasikia harufu ya vumbi likiungua kwenye deki ya video ya mwalimu wetu wa kwaya, kule Ihumwa nilikokulia. Mzee alipotokea kwenye runinga, sisi watoto tulimwamkia, "Shikamoo!" Mwalimu akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba." Mzee akaongea Kiingereza, mwalimu akatutafsiria:

"Anasema hajawahi kukosea hata noti moja."

Tangu hapo, kila aliyekosea alichapwa rula za vidole.

Sasa Kiingereza nakielewa. Mzee anacheka, anasema anakosea kila siku! Nimerudia kumsikiliza mara tatu. Mwanafunzi bado amenyoosha vidole, anaingojea rula iliyo mkononi mwangu.