Mzee wa Cheche na Kengele Iliyounganishwa kwa Machozi

Fundi mageti wa mtaa ule wanamwita Mzee wa Cheche, na si kwa sababu ya hasira. Hasira hana, hata ile ya kumfokea mteja aliyemletea vipimo vya dirisha la jirani. Cheche ni zile zinazoruka bandani kwake kutwa nzima na kumtobolea fulana zote kifuani, mpaka mkewe akawa anasema ameolewa na chujio. Ana miaka hamsini na kitu, tumbo la kuheshimika, na macho mekundu ambayo wageni hudhani ni ya ulevi. Ni ya kazi. Ukitazama moto mweupe miaka yote hiyo kupitia kioo cheusi, na siku nyingine bila kioo kwa sababu "ni nukta moja tu hii," jioni macho yanakuwa kama yamepigwa mchanga.

Kwa macho hayohayo, anatazama anime, zile katuni za Kijapani, tena za mapenzi.

Tena si zile za ngumi na mapanga, ambazo mwanaume wa umri wake angeweza kuzitetea mbele ya wenzake. Hapana. Ni za binadamu kupendana na viumbe visivyoeleweka: msichana na mzimu, mvulana na mbweha, mwalimu wa hesabu na malaika aliyeachishwa kazi. Akimaliza sehemu moja, anakaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, anakohoa, anarekodi uhakiki kwa sauti na kuutuma kwenye kundi la simu lenye watu zaidi ya mia mbili. Wanamsubiri kama mshahara. Kipimo chake ni cha bandani. Kazi nzuri anaiita mshono uliozama. Ya wastani, imeshikwa nukta nukta. Mbovu ni rangi tupu, yaani chuma hakijashikana ila kimepakwa rangi kikapendeza, na mteja akiegemea geti lake siku ya kwanza tu, analala nalo chini.

Aliyemwingiza huko ni binti yake, mtoto wake wa pekee, anayefanya kazi kiwanda cha mikate. Aliteleza kwenye mafuta ya kupaka trei, akavunjika mguu, akalala nyumbani na simu. Baba akawa anakaa kando ya kitanda. "Lete nikushikie hiyo simu, mama, mkono usikuchoke." Akaishika, na hajairudisha mpaka leo; binti ikabidi anunue nyingine. Mguu ulipona, binti akarudi kwenye zamu zake za alfajiri, muda wa katuni ukaisha. Baba alibaki humo kama mtu aliyemsindikiza mgeni stendi, basi likaondoka naye.

Tangu hapo, baba anatazama na binti anasimuliwa. Ndiyo mazungumzo yao. Mwanaume wa makamo na binti wa miaka thelathini na moja watazungumziaje mapenzi? Wataanzia wapi? Lakini mapenzi ya mzimu, hayo waliweza kuyachambua mpaka chai ikaganda utando juu.

Mwaka huo walikuwa na hadithi ya kengele. Kuna msichana anayeshona miamvuli, anaishi chini ya mnara mkuukuu wenye kengele moja. Ndani ya kengele kuna mzimu wa kijana, mzuri kupita kiasi, nywele zimemfunika jicho moja. Tatizo ni kwamba anaonekana pale tu kengele inapovuma. Msichana anaigonga, kijana anatokea, wanasemezana maneno matano, mvumo unakatika, kijana anayeyuka.

"Yaani huyo ni mwanaume wa kubip," alisema mama wa nyumba siku aliposikia. Hakuwa shabiki. Aliziita anime zote kwa jina moja, "vikaragosi vyako," lakini hakuwahi kuondoka mezani wakati zinasimuliwa.

Binti naye alikuwa na mwanaume wake wa hivyo. Alikuwa fundi wa minara ya simu, anafanya kazi mbali, huko ambako mtandao ndio kwanza unafika. Kila akipiga, atakuja mwezi ujao. Wazee watakutana mwezi ujao. Baba akaacha kumwita kwa jina lake, akawa anamwita Mwezi Ujao, na siku akiwa na maumivu ya macho alisema wazi: mtu anajenga mawasiliano ya taifa zima, na yeye mwenyewe hapatikani. Alikuja mara chache katika miaka minne, siku tatu tatu, akanukia vizuri, akacheka na mama jikoni, akaondoka. Mama alimpenda. "Angalau anapiga simu kunisalimia," alisema. "Wewe, baba watoto, tangu tuoane umenipigia simu kuuliza funguo tu."

Wiki ile zilipotoka sehemu sita za mwisho, Mwezi Ujao alipiga na jambo jipya. Kapata mkataba mwingine, wa mbali zaidi. Avumiliwe miaka miwili, halafu atarudi jumla. Anataka jibu ili asaini.

Binti alilieleza hilo mezani kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba sabuni imeisha. Mama akasema miaka miwili si kitu. Baba akatafuna.

"Wewe baba si unamalizia ile ya kengele?" binti akauliza.

"Zimebaki tatu."

"Basi niambie mwisho. Yule dada wa miamvuli akimsubiri jamaa yake, na mimi namsubiri wangu. Akimwacha, namwacha. Nimeshachoka kufikiri."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Baba hakucheka. Alimtazama binti yake, akaona kwamba mdomo unatania lakini macho hayamo kwenye utani huo kabisa.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Fundi wa kuchomelea bila umeme ni mtu aliyevaa nguo chafu tu. Akaketi kwenye mtungi wake, akachomeka visikilizio, akavaa miwani ya kusomea maandishi ya chini ya picha, akazitazama zote tatu kwa mfululizo huku macho yanamtoka maji.

Kengele inapasuka. Mzimu, kwa mvumo wa mwisho, anamwambia msichana: nisubiri, kengele itapona, nami nitarudi. Msichana anaikumbatia kengele, analia juu ya ufa. Machozi yanaingia kwenye ufa. Halafu majani yanaanguka, theluji inaanguka, majani yanaanguka tena, kinanda kinalia, na tunamwona msichana ni bibi kizee mwenye mvi safi na mgongo ulionyooka. Ufa umejiziba. Anagonga. Kijana anatokea na nywele zake zilezile juu ya jicho lilelile, anaushika mkono wenye makunyanzi, anaubusu. Mwisho. Majina ya watengenezaji yanapanda.

Fundi alilia. Tusimfichie. Kisha akafuta uso kwa kitambaa cha grisi, akasema kwa sauti, peke yake bandani: "Washenzi hawa."

Kundi lilikuwa limeshawaka. Watu wanatuma vilio. Muuza dawa wa barabara ya pili, mwenye kundi, aliandika kwamba huo ndio mwisho bora kuliko yote aliyowahi kuona na kwamba amefunga dirisha la duka ili alie kwa nafasi. "Mzee wa Cheche, tupe uhakiki! Leo ni mshono uliozama au siyo?"

Akabonyeza kurekodi. "Wapendwa, salaam..." Akafuta. Akabonyeza tena. Akafuta tena. Aliyekuwa anamsikia kichwani hakuwa muuza dawa.

Akafikiria kudanganya. Angesema msichana alimwacha mzimu, akaolewa na mwenye duka la vifungo, wakazaa. Nani angejua? Binti angejua. Alikuwemo kwenye kundi lilelile, na watu mia mbili walikuwa wanaomboleza kwa furaha humo ndani. Tena kama ni kudanganywa, yule binti alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na mtaalamu.

Alifunga banda mapema, akapanda kwenda nyumbani na miguu mizito kama kabeba geti. Binti alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana, amekaa sebuleni, kanga begani, unga bado umeganda pembeni ya kucha. Simu ilikuwa mapajani, imezimwa mlio. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Usinizungushe, baba," binti akasema. "Kundi sijalifungua. Nimekungoja wewe. Alimsubiri?"

"Alimsubiri."

Binti akashusha pumzi. Ilikuwa vigumu kujua ni ya nafuu au ya mzigo. "Na alirudi?"

"Alirudi."

"Haya. Basi imekwisha hiyo." Akachukua simu.

"Ngoja kwanza, mama. Umeniuliza kilichotokea. Hujaniuliza kama ni kazi nzuri."

"Watu si wamelia?"

"Hata moshi unaliza."

Kutoka jikoni mama akasema, "Mzee, mwache mtoto na maamuzi yake." Lakini alikuwa amezima jiko ili asikie vizuri.

Baba akavua miwani, akakandamiza macho kwa vidole viwili. "Kengele imeungwa kwa machozi," akasema. "Machozi! Kengele ni shaba nyeusi, imemiminwa kwenye kalibu. Ikipasuka, hata uichomelee kwa kila ujuzi ulio nao, hailii tena. Inakohoa. Mimi nimeletewa moja ya shule, nikahangaika nayo, watoto wakaicheka. Hawa wameiacha nje kwenye mvua, ikajiziba yenyewe kwa huruma."

"Baba, ni katuni."

"Najua ni katuni! Mzimu nimemkubali. Sijauliza analala wapi, anakula nini, nywele anakatwa na nani. Lakini kuna kitu wamekiruka, na hicho kimenishinda." Akatafuta mahali pa kukishika. "Huyo dada amesubiri mpaka amekuwa bibi. Unajua wameonyesha nini cha kusubiri kwake? Majani. Majani yameanguka, theluji, majani tena, kinanda, tayari mzee. Nimerudisha nyuma mara mbili nikidhani simu imeruka."

"Hawakuonyesha alikuwa anafanya nini?"

"Hawakuonyesha hata Jumanne moja."

Binti alikuwa karibu kucheka, kisha hakucheka. Akaanza kubandua unga kwenye ukucha wa kidole gumba, polepole.

"Jumanne ndiyo mbaya," akasema.

Baba akaikunja miwani yake.

"Ijumaa unajiambia labda atapiga, ni mwisho wa wiki. Jumatatu kuna kazi, trei zimejaa, huna nafasi. Jumanne hakuna kitu. Natoka kwenda mapumziko, nafungua kabati, natazama simu, imeingia meseji. Moyo unaruka. Ni kampuni ya simu inaniambia nijiunge na kifurushi. Narudi kwenye tanuri. Wenzangu wananiuliza, shemeji hajambo? Nasema hajambo. Mimi sijui kama hajambo, baba. Nasema tu." Akatazama ukucha wake. "Kama wangeonyesha hiyo, nani angelia?"

"Wangelia," baba akasema, "ila wasingetaka arudi."

Mama akatoka jikoni, akasimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi. Safari hii hakuwa na utani. "Mwanangu, yule ni mtu mzuri."

"Najua mama. Sijasema ni mbaya."

"Miaka miwili inakwisha haraka."

"Kwako wewe," binti akasema kwa upole, na mama akakaa kwenye mkono wa kochi, uzito wote mara moja.

Kama fundi alikuwa na uhakiki mwingine wa kutoa, aliumeza. Aliona kwamba maneno yake yameishia pale yalipoishia, na kilichobaki ni cha mwenyewe.

Binti akapiga simu. Iliita mpaka karibu ikatike. Sauti ya Mwezi Ujao ikatoka, changamfu, upepo nyuma yake, yuko juu ya mnara mahali fulani. Akasema mpenzi, niko kazini, nitakupigia baadaye.

"Hapana, nisikilize sasa hivi, ni fupi," binti akasema. "Wewe saini mkataba wako. Ni kazi nzuri, saini. Mimi sitasubiri... Hapana, hakuna mtu mwingine. Hakuna hata mmoja, ningemtoa wapi? Nalala saa moja jioni... Sijakasirika. Ungenikuta nimekasirika mwaka juzi... Nimechoka tu... Ndiyo. Kuchoka... Shuka salama huko juu."

Akaiweka simu kifudifudi mezani. Nje mtu alikuwa anaita jina la mtoto akaoge.

"Sasa kuchoka nako ni sababu?" mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya kugomba. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, kwa ajili yake mwenyewe.

"Ni sababu," baba akasema.

Binti alilia kidogo, bila kinanda, akapenga kamasi kwenye kanga, akauliza kama kuna maji ya moto. Yalikuwepo. Akaoga, akala vijiko viwili vya chakula akiwa amesimama, akategesha simu imwamshe kwa zamu ya alfajiri. Jua bado lilikuwa kwenye pazia alipofunga mlango wa chumba chake.

Mzee na mkewe walibaki kwenye kochi. Simu ya mzee ilitetemeka kwenye mfuko wa shati, ikatetemeka tena: muuza dawa na watu mia mbili wakitaka kujua. Hakuitoa.

"Watu wako wanakutafuta," mke akasema.

"Wasubiri," akajibu, kisha akasikia alichosema, akafumba macho. "Au walale. Mimi nalala."